Oili Chini ya Pikapu ya Mzee Asajile

Kyela, Jumapili, saa tisa alasiri

Tusekile mwanangu,

Ugonile. Najua ni kichekesho kumsalimia kwa barua mtu aliye upande wa pili wa ukuta, anayekunja nguo zake huku akibishana na mama yake kuhusu chandarua. Nawasikia kutoka hapa. Mama yako anasema vyandarua vya hosteli havina maana, wewe unasema begi limejaa. Mwache aweke tu, hutamshinda. Amekwisha kukuambia yote yanayohusu chakula, baridi ya Mbeya, marafiki na simu, na mimi hapo sina cha kuongeza. Mchele umefungwa, ndizi zimefungwa, shangazi yako amepigiwa simu mara nne. Kwa mambo hayo umeshapata mlezi.

Mimi nataka kukuandikia habari za pikapu ya Mzee Asajile.

Usiikunje barua. Najua hutaki hata kuisikia ile gari, na nikiwa mkweli hata mimi siitaki. Nimechoka, mwanangu. Mgongo umechoka kwa kulala chini ya magari ya watu, na macho siku hizi yananilazimisha kushika spana na miwani kwa wakati mmoja. Lakini uchovu huo naujua, ukilala unapungua. Kuna mwingine ambao nimeamka nao kila siku tangu mwezi wa saba, na huo haupungui kwa kulala. Naona kesho unaondoka, na mimi bado sijafungua mdomo.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi unapanda basi kwenda kusomea mapokezi ya hoteli. Watu wakiniuliza nawajibu kwamba binti amechagua mwenyewe. Ni kweli ulichagua, ila ulichagua baada ya mimi kukufukuza pale ulipokuwa, na sababu niliyokufukuzia haikuwa ya kweli. Mwanzoni sikujua kwamba si ya kweli. Baadaye nilijua, nikanyamaza. Hilo la pili ndilo linaloniondolea usingizi.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza moja kwa moja, nisikudanganye. Nilijiambia mtoto anakwenda mjini, atavaa nguo safi, atakaa nyuma ya meza, baada ya miaka miwili atanishukuru. Halafu Jumatano ukaja kumrudishia Mama Ipyana sufuria yake ya chai, pale kwenye kibanda chake nje ya uzio wa gereji. Hukujua kwamba niko chini ya ile Koasta ya kijani. Nilikuwa nimelala pale, nimeziona ndala zako. Mama Ipyana akakuuliza, "Tuse, mbona uliziacha injini moja kwa moja? Si ulikuwa unaziweza?"

Ukamjibu, "Nilijaribu, mama. Sina mkono."

Ulisema hivyo tu, kama mtu anayesema hana kaka. Ningekusikia umekasirika ningepata nafuu. Ningesema, sawa, ana hasira na mimi, hasira ni haki yake. Lakini hukuwa na hasira. Ulikuwa unasema kitu unachokiamini. Nikabaki pale chini mpaka ndala zako zikaondoka, na boliti niliyokuwa nafungua nikaifunga tena bila kujua ninachofanya.

Basi nianze mwanzo. Nilikufundisha mwenyewe namna ya kuitafuta oili inayovuja: usiangalie inapodondokea, kwa sababu oili inateremka na inazunguka kabla ya kudondoka. Futa injini yote iwe kavu, halafu anzia juu, shuka nayo polepole mpaka uone mahali pa kwanza palipolowa. Nilikufundisha vizuri. Ngoja nami nifuate mafundisho yangu, ingawa nimechelewa.

Ilikuwa mwezi wa nne, maji yamekaa barabarani kama kawaida yake. Pikapu ya Mzee Asajile ilikuwa kwetu kwa ajili ya breki. Unakumbuka alivyokuwa anaitania, eti ni mke wake wa kwanza, amezeeka naye, hawezi kumwacha kwa sababu ya kukohoa kidogo. Siku ile mkwe wake akapiga simu kutoka Ngonga kwamba mzee kifua kimembana, na hakuna bodaboda anayekubali kuvuka. Nikachukua pikapu yake mwenyewe nikaenda kumfuata. Wewe ulitaka kuja nami, nikakukatalia.

Nilipofika kwenye maji nikasimama. Yalikuwa mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, na pale katikati mtu aliyekuwa akivuka alizama mpaka kiunoni. Nikafunika distribyuta kwa mfuko wa nailoni, umeme wa plagi usilowe. Halafu nikakumbuka lile bomba. Unalijua, lile la injini za zamani, linaloshuka kando ya bloku na mdomo wake unaangalia chini. Injini inatolea pumzi pale. Maji yakipanda pale yanaingia moja kwa moja kwenye oili, na hiyo injini umeiua. Nikakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakikunja, nikafunika mdomo wa bomba, na kwa kuwa sikuwa na waya, nikachuna kamba kwenye mgomba wa watu pale kando nikakifunga. Nikavuka. Nikampakia mzee. Nikavuka tena. Hospitali wakamhudumia vizuri, akapona, kama unavyojua.

Mke wake alinishika mikono yote miwili pale mlangoni, akawa ananishukuru, "Ndaga fijo, fundi, ndaga fijo," mpaka nikaona aibu. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa mtu mkubwa. Mama yako alinipikia samaki. Mfuko wa nailoni niliutoa kwenye distribyuta. Mpira kwenye bomba niliusahau.

Nakuambia mapema ili usihangaike kutafuta. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Baada ya siku chache nikakupa kazi ya kushusha sampu ya ile gari, lile bakuli la oili chini ya injini. Nilitaka tuwe na hakika kwamba maji hayakuingia. Ulikuwa umekaa nami gerejini miaka miwili, na ilikuwa mara yako ya kwanza kufanya kazi ya injini peke yako tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa kwenye gari jingine, lakini nilikuwa nakuangalia kwa pembeni, sikukuambia. Ulikwangua gasketi ya zamani yote, mpaka kwenye kona ambazo mafundi wengi wanaziruka kwa kuwa hazionekani. Ulifuta kwa petroli mara mbili. Boliti ulizikaza kwa kupishanisha, moja huku, moja kule, kidogo kidogo. Nilitaka kukusifu. Nikaona nikikusifu utalegea, nikakuambia tu uharakishe, mteja anasubiri.

Wiki mbili hazijaisha, oili ikaanza kudondoka.

Siku aliyoirudisha ilikuwa Jumamosi, watu wengi mjini. Mzee Asajile hakuja na ugomvi. Alishuka, akaelekeza kidole chini ya gari, akasema, "Fundi, mke wangu anajikojolea." Watu wakacheka. Mama Ipyana alikuwepo na wateja wake wa chai, Ambakisye mchomeleaji alikuwepo na miwani yake myeusi kichwani. Nikaingia chini. Sampu ilikuwa imelowa oili pande zote. Nikatoka na kicheko cha watu bado kiko masikioni, na wewe umesimama hapo na kitambaa mkononi.

Ukanisogelea. Ukaniambia kwa sauti ya chini, mdomo karibu na sikio langu, kwa sababu ulilelewa vizuri na hukutaka wasikie unamwelekeza baba yako. Ulisema, "Tata, dipstiki ya oili inajisukuma juu yenyewe. Umeangalia inapopumulia?"

Nilikusikia. Nataka ulijue hilo. Mwezi mzima baadaye nilijidanganya kwamba kulikuwa na kelele, Ambakisye alikuwa anakata chuma. Ambakisye alikuwa amesimama anacheka kama wengine. Nilisikia kila neno, na ndiyo maana nikasema kwa sauti kubwa vile. Nilisema, "Hii ndiyo kazi ya mikono ya kupikia. Rudi kwa mama yako ukapepete mchele, injini ina wenyewe."

Ulikiweka kile kitambaa juu ya bampa. Ukanawa mikono kwenye ndoo, ukajifuta kwenye sketi, ukaondoka. Nilijua Jumatatu utarudi. Jumatatu ikapita, nikasema atarudi mwisho wa wiki. Mama yako aliniuliza mara moja tu, "Umemwambia nini mtoto?" Nikamjibu kwamba kazi ina ukali wake.

Labda unafikiri naandika haya ili unionee huruma. Kama unanihurumia, acha. Lakini kuna jambo moja sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa na umri kama wako nilijifunza kazi Tukuyu kwa mtu aliyeitwa Fundi Anyosisye. Alikuwa anajua injini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na alikuwa na sheria moja: mbele ya mteja, kosa ni la mwanafunzi. Siku moja silinda hedi ya lori la ndizi ilipasuka kwa sababu aliikaza yeye mwenyewe kupita kiasi. Alinipiga kofi mbele ya mwenye lori. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, nikaapa kwamba nikipata gereji yangu sitamfanyia mtu vile. Nikaipata gereji. Sikukupiga kofi, hilo nalo nililihesabu kama wema. Siku zote niliona nimekuwa bora kuliko Fundi Anyosisye kwa sababu mkono wangu haukunyanyuka.

Baada ya wewe kuondoka, niliishusha ile sampu mwenyewe. Nikaitoa gasketi uliyoweka. Ilikuwa imekaa vizuri kabisa, alama za boliti ziko sawa kila upande, na mimi nikaona, nikaikunja nikaitupa kwenye pipa la taka haraka kama mtu anayeficha kitu. Nikaweka yangu, nikapaka silikoni juu yake, jambo ambalo nilikuwa nakukataza. Baada ya siku nne ikavuja. Ikavuja palepale.

Siku ile ndiyo nilitakiwa kuja kukugongea mlango. Badala yake nilianza kuamka mapema. Mzee alikuwa ameniachia gari, kwa hiyo kila asubuhi nilifika kabla ya Mama Ipyana hajawasha jiko, nikafuta oili chini, nikamwaga mchanga juu ya doa, nikaingia chini kufuta na sampu. Watu wakija wanakuta gari kavu. Wakiniuliza kama nimeiweza, nawaambia tayari, naiangalia tu kidogo. Nilikuwa napiga deki ili mwanangu asionekane kuwa alikuwa sahihi. Nikiandika hapa naona haya, lakini wakati ule niliona ni kulinda jina la gereji.

Halafu nikahamia nyuma. Nikasema ni sili ya krenki, ile pete inayozuia oili nyuma ya injini. Nilishusha gia boksi siku tatu peke yangu, na mgongo huu unaonisikia nikiulalamikia umeanzia hapo. Sili ya zamani haikuwa na kasoro. Nikaweka mpya. Ikavuja. Nikanunua nyingine, nikamlaumu aliyeniuzia kwamba ananiletea spea bandia, yule maskini akanibadilishia bila kusema neno. Ikavuja tena. Nikaosha injini yote, nikainyunyizia poda ya mtoto ili nione oili itakapochora njia. Ambakisye akaniuliza kama gari limejifungua. Niliizungusha mpaka Ndandalo na kurudi, nikafungua boneti, poda ilikuwa imelowa juu, chini, mbele, nyuma, na dipstiki imesimama nje ya tundu lake. Oili ilikuwa inatoka kila mahali penye upenyo. Tusekile, hata mwanafunzi wa wiki moja angejiuliza ni nini kinaisukuma. Wewe ulijiuliza. Mimi sikutaka kujiuliza, kwa sababu swali lile lilikuwa lako, na nikilishika tu, lazima nikuite.

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na tano. Gari linalovuja na fundi asiyejua ni jambo la kawaida, mtu anauliza wenzake. Fundi anayejua pa kuangalia na hataki kuangalia, huyo sijui utamfanya nini.

Mwezi wa saba, mpunga umeshavunwa, Mzee Asajile akalichukua gari lake hivyohivyo linavyovuja, akabeba magunia, kisha akalipeleka likaoshwe kwa maji ya presha kwa sababu kulikuwa na harusi ya mjukuu. Aliporudi kwangu lile tope la mwezi wa nne lilikuwa limebanduka lote. Nikaingia chini. Kwenye mdomo wa bomba, mahali ambapo siku zote nilikuwa naona donge la udongo mkavu, kulikuwa na mpira wa baiskeli uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Fundo lilikuwa langu. Ni lile ninalofungia mikungu, nililofundishwa na bibi yako, linazunguka mara mbili na kurudi chini. Sijui mtu mwingine gerejini anayelifunga.

Nililikata fundo kwa kisu, pumzi iliyokuwa inasukuma oili ipate pa kutokea. Injini ilikuwa imezimwa muda mrefu, lakini nilipoiwasha bomba lilitoa moshi mwingi wa mara moja, halafu likatulia, likawa linahema kidogo kidogo kama inavyotakiwa. Nikafuta injini. Jioni ilikuwa kavu. Kesho yake kavu. Ile gasketi yangu mbaya yenye silikoni nayo ikawa kavu. Nilikaa juu ya tairi pale nikautazama ule mpira, na unajua cha kwanza nilichofanya? Niliangalia kama kuna mtu ameona.

Mzee alipokuja nikamwambia, "Sili mpya imekaa vizuri, mzee." Akanipa mkono. Akasema kweli mkubwa ni mkubwa. Mama Ipyana akasikia, na naamini ndiye aliyekuambia, kwa sababu wiki ile ukaacha kabisa kupita njia ya gereji, na mwisho wa mwezi ukaleta fomu ya chuo cha hoteli nikusainie. Nilisaini. Uliniuliza, "Tata, umeisoma?" Nikasema nimeisoma. Sikuwa nimeisoma, herufi zilikuwa zinacheza.

Sasa umejua. Uliambiwa huna mkono, ukaenda ukakaa na jambo hilo, ukasikia gari limepona mikononi mwangu, ukahitimisha kwamba basi ni kweli. Mtu mwenye akili angehitimisha hivyohivyo. Nilikuachia ushahidi wa uongo, nikakuacha uufikirie peke yako.

Wiki hii nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu. Alhamisi nilikuita, ukaja ukasimama mlangoni, nikakuuliza kama viatu vinakubana. Ijumaa nilikufuata kisimani, nikakubebea ndoo, nikakuambia mvua za mwaka huu zinachelewa. Jana ulinishika bega ukaniuliza, "Tata, unaumwa?" Nikasema mgongo.

Nilipoona mdomo umenishinda kwako, nikaona nianze na wengine, labda ulimi utalainika. Nikawaomba wale watatu waliokuwepo siku ile waje gerejini leo baada ya ibada. Mzee Asajile alikuja na suti yake ya kanisani, Mama Ipyana na Ambakisye wakaja. Nikawapa viti, nikawaeleza yote niliyokueleza hapa, tangu kwenye maji mpaka kwenye harusi ya mjukuu. Ilinichukua muda. Nilipomaliza, Mama Ipyana alikuwa analia, na ananiangalia kwa jicho ambalo sidhani kama atanikopesha chai tena. Ambakisye akasema, "Na mimi nilicheka." Akainama.

Mzee Asajile ndiye aliyesema mwisho. Unajua anavyosema polepole, kila neno linavuta kiti kwanza. Akasema, "Fundi, mimi nipo hapa leo kwa sababu uliziba lile bomba. Kwa hilo sikulaumu, hata kama usingeutoa ule mpira mpaka leo. Mtu anasahau." Kisha akasema, "Mama yako nilimfahamu. Akiwa na neno moyoni alikuwa anafanyaje?"

Nikamwambia. Wewe hukumkuta bibi yako akiwa na nguvu, kwa hiyo nikueleze. Alikuwa mzee wa kanisa, hakukosa ibada, lakini mambo ya nyumbani aliyamaliza kama wazazi wake walivyoyamaliza. Mtu akimkosea mwenziwe, au akiwa na kinyongo, anaitwa mbele ya wale wale waliokuwepo. Anachukua maji mdomoni, anayapuliza chini, na anasema alichokuwa anakificha, chote, bila kupunguza. Bibi yako alikuwa anasema neno baya likikaa ndani ya mzazi linamwendea mtoto, hata mzazi asipolitamka. Mtoto anadhoofu na hakuna anayejua ni kwa nini. Wachungaji walimsema kwa hilo, akawajibu kwamba Mungu naye anapenda mtu aseme.

Nilipomaliza kueleza, Mzee Asajile akauliza, "Sasa yule uliyemsema, yuko wapi?"

Nikasema yuko nyumbani, anafunga begi.

Akasimama, akachukua kofia yake. "Basi leo hujasema kitu, fundi. Umetusimulia hadithi ya gari."

Ndiyo sababu naandika, na ndiyo sababu nimewaomba wale watatu waje stendi kesho kabla ya basi kuondoka. Nilikusema mbele yao nawe ukiwepo, na nitasema mbele yao nawe ukiwepo. Mama yako, niliyemwambia yote mchana huu na ambaye hajanisemesha tangu hapo isipokuwa kwa habari ya chandarua, anaona nitakutia aibu mbele ya abiria. Huenda ana haki. Barua hii nitakupa tukishakula. Kama hutaki iwe stendi, niambie, nitawapigia waje hapa nyumbani alfajiri kabla hujatoka. Kama hutaki wawepo kabisa, hilo sitalikubali kirahisi, lakini ukisisitiza nitakubali. Safari hii uamuzi ni wako.

Sikuombi uache hoteli. Kama mapokezi unayapenda kwa moyo wako, nenda, utayaweza, una subira ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo. Lakini kama unakwenda kwa sababu unaamini huna mkono, basi jua kwamba hilo lilitoka kwa mtu aliyekuwa anajificha. Palepale Mbeya wanafundisha pia ufundi wa magari. Sitakusukuma huku wala kule, nimeshakusukuma vya kutosha.

Wala sikuombi uniambie yamekwisha. Yakiwa hayajaisha yaache yasiishe. Ukiwa na neno juu yangu, liseme kesho palepale, kwa sauti, mbele ya wale wale, na nisikie. Nitasimama mpaka umalize, hata dereva akipiga honi.

Nimejizoeza nitakachosema, kwa sababu najua ulimi wangu. Nitachukua maji, niyapulize chini, halafu niseme: "Mwezi wa tano, mbele yenu, nilisema huyu binti yangu hana mkono wa injini. Nilisema uongo. Gasketi aliifunga vizuri kuliko mimi. Bomba niliziba mimi, nikasahau mimi, na nilipoona nikaficha mimi. Siku ile aliniuliza kwenye sikio kama nimeangalia inapopumulia. Nilimsikia."

Ni mimi,
baba yako